Adhabu Isiyomtazama Mtu: Uhakiki wa Hukumu ya Mbushuu

Shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake kwa kawaida husomwa kama shauri la swali moja: je, dola ina haki ya kumwua mwuaji? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani yake limo swali la pili, ambalo halikupewa uzito ulio sawa: je, sheria yaweza kumkataza jaji asimtazame mtu aliyesimama mbele yake?

Mwezi Juni 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiketi Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, yamtweza mwanadamu, na kwa hiyo inapingana na Katiba. Akawapa washtakiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Majaji Makame, Ramadhani na Lubuva walikiri kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili, lakini wakasema inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu haki ibanwe kwa manufaa ya umma, mradi sheria isiwe ya kiholela wala isizidi lililo la lazima. Kuhusu ulazima huo, waliiachia jamii iamue.

Ukiri huo ni wa kusifiwa, kwa maana mahakama haikuficha ukatili chini ya maneno laini. Hata hivyo, kipimo chake chenyewe kinaihukumu. Tukubali kwamba jamii inaihitaji adhabu hiyo kwa baadhi ya wauaji. Haifuati kwamba inaihitaji kwa kila mmoja wao. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakiulizi haja hiyo kamwe. Aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, basi.

Tuchukue mfano wa kubuni katika kijiji cha Sitalike, kando ya mto Katuma, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Mkulima anakuta ng'ombe shambani mwake, anampiga mchungaji wao kwa rungu akitaka kumvunja mguu, naye mtu yule anakufa. Mwingine anakodiwa kwa fedha amwue mzee usingizini. Kwa kifungu cha 200, nia ya kudhuru vibaya yatosha kuwa nia ovu. Hivyo wawili hao wanaweza kupewa hukumu moja, na yote ambayo wakili angeomba yazingatiwe, yaani umri, majuto, uchokozi usiofikia kiwango cha sheria, hayana pa kusikilizwa.

Wengine husema: tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, ya nini kusumbuka? Jibu letu ni kwamba hukumu imeendelea kutamkwa, na mfungwa huishi akingoja. Huruma, ikija, hutoka kwa Rais chini ya ibara ya 45, kwa njia ya jalada, wala si mbele ya hadhara ya mahakama ambapo sababu hutolewa.

Majirani walilitenga swali hili vema zaidi. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ile ya Kenya mwaka 2017, ziliiacha adhabu ya kifo ibaki, lakini ziliondoa ulazima wake. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu, iliamua kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ule ulipita na kifungu kikabaki kama kilivyokuwa.

Wapo kati yetu wanaotegemea Warumi 13 na upanga wa mtawala. Na wasome pia Hesabu 35, ambamo mkutano waamuru kati ya mwuaji na mlipiza kisasi, wakipima nia na chombo kilichotumika. Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alimtaka mtawala aishike sheria mkononi kama anavyoushika upanga, akijua lini aitumie kwa ukali na lini kwa upole. Upanga usio na mshikaji hakuutetea.

Kwa hiyo, hata asiyekubaliana na Mwalusanya hana budi kuona kwamba bunge laweza kuanza na neno moja: mahali pa "atahukumiwa", liandikwe "aweza kuhukumiwa".