Dakika Nne Kabla ya Kushikana

Kati ya Bariadi na Tokyo kuna tofauti ya saa sita kamili, na kwa bahati njema tofauti hiyo inamwondolea hesabu anayesema Kiswahili. Pambano la mwisho la siku katika mashindano makubwa ya sumo humalizika karibu na saa sita. Mjapani anamaanisha sita ya jioni, mimi ninamaanisha sita ya mchana, lakini namba ni ile ile. Mashindano hayo hufanyika mara sita kwa mwaka, kila mara kwa siku 15, na katika siku hizo ratiba yangu ya kuandika tasnifu ya uzamili huinama kidogo. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, huonyesha mapambano ya mwisho moja kwa moja kwa siku chache tu. Siku nyingine ninasubiri kipindi chao cha muhtasari, kisichofika nusu saa, na ninakitazama kwenye simu kwa bando langu mwenyewe.

Kipindi hicho ndicho ninachotaka kukihakiki hapa, kwa sababu ndicho mlango ambao wengi wetu tulio mbali tumeingilia. Ni kipindi kizuri. Watangazaji wake wanajua wanachokisema, wanaeleza mbinu za ushindi, ambazo rasmi ni 82, na wanakukumbusha nani ana goti bovu na nani anahitaji ushindi wa nane ili asishuke cheo. Lakini kimejengwa juu ya kisu. Kinakata karibu kila kitu kinachotangulia pambano, kisha kinakuachia sekunde tano au kumi za miili miwili mikubwa kugongana.

Kinachokatwa ni hiki. Wanamieleka wawili wanapanda kwenye ulingo wa udongo, ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 4.55. Wanainua miguu na kukanyaga. Wanapewa maji, wanarusha chumvi, wanachuchumaa na kutazamana. Halafu hawashikani. Wanainuka, wanarudi pembeni, wanachota chumvi tena, wanachuchumaa tena. Katika daraja la juu jambo hili linaruhusiwa kuendelea hadi dakika nne. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani wanapoteza muda. Anayetazama kwa mara ya hamsini anaona pumzi ikibadilika, anaona mmoja akichelewa kidogo kushusha macho, anasikia ukumbi ukipanda sauti kila wanaporudi katikati. Ule mgongano ni jibu la swali lililoulizwa kwa dakika nne. Muhtasari unatupa majibu tu.

Pengine nililiona hili mapema kwa sababu nimekulia mahali ambapo mashindano nayo ni ya kungoja. Hapa Usukumani, baada ya mavuno, kunakuwa na mbina, yaani ngoma za ushindani kati ya Wagika na Wagalu. Vyama hivi viwili vinakumbukwa kwa majina ya wapinzani wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na hadi leo kila kikundi cha ngoma kinajua kiko upande upi. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Hakuna jopo la majaji. Watu ndio kipimo: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Kwa hiyo kuna saa nzima ambazo mgeni akifika ataona ngoma zinapigwa na hakuna kinachotokea. Kumbe umati unapima. Watu ishirini wanahama huku, hamsini wanarudi kule, mtu mmoja anatoa nyoka au kifaa cha ajabu, kule wanajibu kwa wimbo wa kumkejeli. Kuna na dawa za mvuto, na kuna wanaoapa kwamba bila dawa hakuna umati. Uwe unaziamini au huziamini, kungoja ndiyo kazi ya mtazamaji.

Siku moja nilimwonyesha babu yangu pambano zima kwenye simu, lile lisilokatwa. Chumvi haikumshangaza hata kidogo. Alisema wanatengeneza uwanja. Alichouliza ni, "Sisi ni upande upi?" Nikamweleza kwamba katika sumo kuna Mashariki na Magharibi, ila mtu hupangiwa upande upya kila mashindano kwa kufuata orodha ya vyeo, anaweza kuwa Mashariki mwezi Mei na Magharibi mwezi Julai. Babu akatikisa kichwa. "Basi hao hawana upande, mjukuu wangu. Wana zamu."

Sijapata maelezo bora zaidi ya ushabiki wa mbali. Shabiki wa Simba au Yanga huupata upande wake kwa baba, kwa mtaa, kwa ubishi wa kijiweni. Mimi katika sumo sina mtaa. Kwa vijana wa Afrika wanaofuatilia mchezo huu, aliyekuja kuwa kama upande wetu ni Abdelrahman Shaalan, kijana wa Misri aliyepewa jina la ulingoni Osunaarashi. Aliingia mwaka 2012 na kuwa Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa. Julai 2013 alipigana mashindano ya Nagoya huku akifunga Ramadhani, na bado akashinda mapambano 10 kati ya 15. Novemba mwaka huohuo alifika daraja la juu. Julai 2014 aliwaangusha mayokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji, kwa siku mbili mfululizo. Yokozuna ndiye mwenye cheo kisicho na kingine juu yake. Mwaka 2018 aliondoka kwenye mchezo baada ya kuendesha gari kinyume cha kanuni za chama na kupata ajali, na mimi nikabaki bila upande. Nikaanza kutazama zamu.

Hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo muhtasari haukunifundisha. Mimi ni mwanamke, na kwenye ulingo wa sumo ya kulipwa mwanamke haruhusiwi kukanyaga. Tarehe 4 Aprili 2018, katika mji wa Maizuru, meya alianguka ghafla akiwa anahutubia juu ya ulingo. Wanawake, akiwemo muuguzi, walipanda haraka na kuanza kumkandamiza kifua ili kuokoa maisha yake. Kipaza sauti kikatangaza, zaidi ya mara moja, kwamba wanawake washuke. Mkuu wa Chama cha Sumo cha Japani aliomba radhi baadaye na kuwashukuru. Siku mbili baada ya tukio hilo, meya wa Takarazuka, ambaye ni mwanamke, ilibidi ahutubie akiwa chini, pembeni ya ulingo. Hakuwa wa kwanza. Fusae Ota, gavana wa Osaka kuanzia mwaka 2000, alikuwa akiomba kukabidhi kikombe mwenyewe ulingoni, na akakataliwa.

Ukilisema hili mbele ya mashabiki wenzako wa mbali, jibu huja haraka: ni mila yao, wewe ni mgeni, tazama mieleka unyamaze. Jibu hili lina heshima ndani yake na silidharau. Nimeshuhudia wageni wakija kwenye mbina, wakapiga picha za nyoka, wakaondoka kabla ya umati kuamua, kisha wakaenda kuandika kwamba Wasukuma ni watu wa nyoka. Sitaki kuwa mgeni wa namna hiyo kwa Wajapani. Lakini jibu hilo linadai kwamba ulingo haujawahi kubadilika kwa ajili ya mtu wa mbali, na hapo historia inakataa.

Zile dakika nne ninazozitetea zina mwaka wa kuzaliwa. Zamani kungoja hakukuwa na kikomo. Mwaka 1928 redio ilipoanza kutangaza sumo, kikawekwa kikomo cha dakika kumi kwa daraja la juu, kwa kuwa kipindi cha redio hakiwezi kungoja watu wanaotazamana tu. Baadaye dakika zikapunguzwa hadi zikabaki nne. Paa la mtindo wa hekalu la Kishinto linaloning'inia juu ya ulingo lilikuwa limesimama juu ya nguzo nne. Mwaka 1952 nguzo ziliondolewa ili watazamaji waone vizuri, paa likafungwa kwenye dari, na mahali pa kila nguzo pakawekwa shada kubwa la nyuzi. Mwaka uliofuata televisheni ikaanza kurusha mashindano. Mila ile ile inayosemekana haijongei ilisogeza nguzo za nyumba takatifu kwa ajili ya mtu aliyekaa mbali.

Kwa hiyo, mtu wa mbali si mgeni aliyechungulia dirishani. Kwa karibu miaka mia moja amekuwa mmoja wa wanaousanifu ulingo. Oktoba 2025 wanamieleka wa daraja la juu walikwenda London, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, kwa siku tano, miaka 34 baada ya kwenda huko mara ya kwanza. Ulingo ulijengwa ugenini, katikati ya Waingereza, nao ukawa ulingo kamili. Udongo unaweza kupatikana ugenini, kikomo cha muda kinaweza kufuata redio, nguzo zinaweza kung'olewa. Inapofika kwenye mguu wa mwanamke tu ndipo tunaambiwa hakuna kinachoweza kuguswa. Hapo ninaona uchaguzi, na uchaguzi unaweza kuhojiwa.

Nasi tuna nguzo zetu tulizong'oa. Siku hizi Wagika na Wagalu huitwa kupamba sherehe za serikali, na huko hupewa dakika chache mbele ya mgeni rasmi, kundi moja baada ya jingine. Ngoma iliyozaliwa ya kugombea umati kwa saa nyingi, pande mbili kwa pamoja, inageuzwa kuwa zamu. Umati hauwezi kuhama kwa sababu umekalishwa kwenye viti. Anayeamua ni ratiba. Huo nao ni muhtasari, na tumeufanya wenyewe. Wala sisemi uwanja wetu hauna upendeleo: wanawake wanacheza, ndiyo, lakini wengi wa manju ambao majina yao tunayakumbuka ni wanaume.

Ushabiki wa mbali unaweza kufanywa vizuri. Padri David Clement alitoka Kanada akaja Bujora, karibu na Mwanza, akajifunza Kisukuma, akaingiza ngoma kanisani, akajenga kanisa lenye umbo la msonge na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma. Hadi leo, wakati wa sikukuu ya Bulabo, Wagika na Wagalu hushindana pale. Hakukaa kimya, alibadili mambo, mengine mpaka leo yanabishaniwa. Frank Gunderson, Mmarekani, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu ambacho wengi wetu wa huku tunakihitaji ili kujua babu zetu waliimba nini shambani. Hawa wawili hawakupewa haki ya kusema kwa sababu ya damu. Waliipata kwa kukaa mpaka umati ulipoamua.

Mimi sijawahi kufika Nagoya, na kwa posho ya mwanafunzi sitarajii kufika karibuni. Ninachoweza kutoa ni kukaa. Kila ninapopata pambano zima ninalitazama lote, chumvi na kunyanyuka na kurudi. Ninajifunza Kijapani cha majina ya mbinu. Na kwa sababu nimekaa, ninasema: NHK waonyeshe walau pambano moja kwa siku bila kulikata, na Chama cha Sumo kiwaruhusu wanawake wakabidhi vikombe ulingoni. Katika sumo kungoja kuna heshima yake. Lakini hata kungoja huko kuna kikomo: dakika nne zikitimia, mwamuzi anawapa ishara kwamba muda umekwisha, na hapo kurudi kuchota chumvi tena hakuruhusiwi.