Mara 27 ndani ya wiki 10: zoezi la nyama za paja lilivyopimwa

Piga magoti, mwenzako akubane vifundo vya miguu visinyanyuke, kisha jiachie mbele polepole ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani. Zuia usianguke, endelea kuzuia mpaka nguvu zikuishie, halafu jidake kwa mikono. Jisukume urudi juu, anza tena. Hakuna chuma, mashine wala umeme. Wataalamu wanaliita zoezi la Nordic. Sijui zoezi jingine rahisi kiasi hiki lililofanyiwa utafiti mgumu kiasi hiki, kisha likapuuzwa na klabu tajiri kuliko zote.

Kila anayefuata ligi anajua linahusu nini. "Ameumia nyama za paja" ni sentensi ambayo msemaji wa klabu anaweza kuitamka usingizini. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, na unaochanika mara nyingi ni ule wa upande wa nje. Mchezaji anapokimbia kwa kasi yake yote, mguu ulio hewani hurusha ugoko mbele, na kabla unyayo haujagusa ardhi nyama hizo hufanya kazi ya breki: zinakaza kuuzuia ugoko huku zenyewe zikivutwa na kurefuka. Ni katika sekunde hiyo ndogo winga anaposhika nyuma ya paja na kunyoosha mkono kuelekea benchi.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi gym zilizoeza msuli huo kinyume na kazi yake. Ile mashine ya kulala kifudifudi na kukunja magoti inaufundisha msuli kukaza huku ukifupika. Nguvu ya kukaza huku ukirefuka haikuguswa sana.

Mtu wa kwanza kulionyesha hilo kwa majeruhi halisi uwanjani alikuwa Carl Askling wa Sweden. Mwaka 2003 alichapisha utafiti wa wachezaji 30 wa timu za juu, 15 wakifanya mazoezi ya ziada kwenye kifaa cha gurudumu zito linalovuta mguu kwa nguvu wakati wa kurudi. Msimu ulipoisha, waliochanika katika kundi la mazoezi walikuwa 3, na katika kundi la pili 10. Idadi ya watu ilikuwa ndogo mno kwa hitimisho zito, na kifaa chenyewe hakiko katika kila klabu. Watafiti wenzake wa Oslo, wakiwamo Roald Bahr na Roar Mjølsnes, walitafuta zoezi la kufanyika popote penye nyasi. Mwaka 2004 walionyesha kuwa wiki 10 za Nordic ziliongeza nguvu ya kukaza-huku-ukirefuka kwa asilimia 11, ilhali waliotumia mashine ya kukunja magoti hawakuongeza kitu. Walipima wachezaji 21 tu, lakini swali lao lilikuwa finyu na jibu likawa safi.

Ila nguvu si jeraha. Mtu anaweza kuwa na nguvu na bado akachanika. Hapo ndipo Arni Arnason na wenzake walipoingia na takwimu za ligi za Iceland na Norway za miaka ya 1999 hadi 2002. Timu zilizofanya Nordic zilikuwa na majeraha ya nyama za paja pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko ambazo hazikufanya. Programu ya kunyoosha viungo, ambayo kila kocha wa mtaani anaiamini kama dawa, haikupunguza chochote. Utafiti ulichapishwa 2008 na ulikuwa na kasoro moja ambayo msomaji makini angeiona upesi: timu hazikupangwa kwa kura. Timu inayokubali kufanya zoezi linaloumiza huenda ndiyo yenye kocha makini, daktari anayesikilizwa na wachezaji wanaolala mapema. Je, kilichopunguza majeraha ni zoezi au ni umakini huo?

Jesper Petersen na wenzake wa Denmark walijenga jaribio lao kulijibu swali hilo, na kazi yao ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu ubora wake umejificha katika maamuzi ambayo hayana mvuto wowote.

La kwanza: walipigia kura timu, si wachezaji. Timu 50 za Denmark, za kulipwa na za ridhaa, zenye wachezaji 942, ziligawanywa kwa bahati nasibu. Wachezaji 461 wakaingia kundi la zoezi na 481 wakaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Kwa nini wasingemgawa mchezaji mmoja mmoja? Kwa sababu watu wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo wanaigana. Beki akiona mwenzake anajiangusha mbele kila Jumanne, naye atajaribu, na kundi la ulinganisho litachafuka. Gharama ya uamuzi huo hulipwa katika hesabu: wachezaji wa timu moja wanafanana kwa kocha, kwa uwanja na kwa ratiba, hivyo huwezi kuwahesabu kana kwamba kila mmoja ametoka kwake. Lazima ufanye marekebisho, na uhakika wa jibu unapungua kidogo. Walikubali kulipa.

La pili ni wakati. Programu ilianza Januari 2008, katika mapumziko ya majira ya baridi, siku ambazo ligi ya Denmark imesimama. Ukikaza msuli huku ukirefuka bila mazoea, siku mbili zinazofuata utashuka ngazi ukishikilia ukuta. Mchezaji mwenye mechi Jumamosi hatakubali hilo, na kocha wake hatakubali zaidi. Petersen alilipeleka zoezi pale ambapo hakuna Jumamosi.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni dozi. Wiki ya kwanza: mara moja tu, seti mbili za kurudia 5. Wiki ya pili: mara mbili, seti mbili za 6. Wiki ya tatu: mara tatu, seti tatu za 6 hadi 8. Ya nne: mara tatu, za 8 hadi 10. Kuanzia ya tano hadi ya kumi: mara tatu kwa wiki, seti tatu za 12, 10 na 8. Jumlisha, utapata vipindi 27. Mchezaji anayejiangusha mara 10 kwa wiki mwanzoni anafika 90 kwa wiki mwishoni, lakini amepandishwa taratibu kiasi kwamba msuli umeshazoea kabla haujaelemewa. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki hadi mwisho. Nimewahi kuona timu zikilianza zoezi hili kwenye dozi ya wiki ya tano kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mchoro. Baada ya wiki moja zinaliacha, zikisema linaumiza.

Kwa miezi 12 yalirekodiwa majeraha 67 ya nyama za paja: 15 katika kundi la zoezi, 52 katika kundi la pili. Kwa kila misimu 100 ya mchezaji, yaani ukijumlisha muda ambao kila mmoja alikuwa kikosini, ni 3.8 dhidi ya 13.1. Kwa waliowahi kuumia sehemu hiyo pengo lilikuwa kubwa zaidi: 7.1 dhidi ya 45.8.

Asilimia hupendeza kwenye kichwa cha habari, lakini kocha anahitaji namba nyingine: wangapi wafanye zoezi ili mmoja anusurike? Wadenmark walitoa jibu: 13. Kikosi cha watu 25 kikilifanya msimu mzima, tarajia majeraha mawili hivi yasiyotokea. Kwa asiyewahi kuumia inabidi 25 walifanye ili mmoja asalimike. Kwa aliyewahi kuumia ni 3 tu. Kocha asiye na muda na kikosi chote basi aanze na orodha ya majeruhi wa msimu uliopita. Namba hiyo ya 3 imetokana na watu wachache, kwa hiyo siishiki kwa nguvu kama ile ya 13, ila mwelekeo wake hauna utata.

Kitu ambacho hakikuwezekana ni kuficha. Ukimpa mtu kidonge unaweza kumpa mwenzake kidonge cha uongo; huwezi kumwangusha mtu kifudifudi bila yeye kujua. Mchezaji na mtaalamu wa timu wote walijua wako upande gani, na anayejua anaweza kuliita jeraha dogo "uchovu tu". Ndiyo maana ilikuwa muhimu watu wengine warudie. Waholanzi wakiongozwa na Nick van der Horst walirudia kwa wachezaji 579 wa ridhaa, wakachapisha 2015. Wao walipima kwa saa za kucheza, kipimo kinachomtendea haki zaidi mchezaji wa akiba: 0.25 kwa kila saa 1,000 dhidi ya 0.8. Matokeo yakafanana. Jambo moja halikubadilika: waliochanika licha ya zoezi walikaa nje muda uleule kama wengine. Zoezi linapunguza idadi ya majeraha, halipunguzi ukubwa wake.

Vipindi vilivyofanyika kweli katika jaribio hilo la Uholanzi vilikuwa asilimia 91.

Ishike namba hiyo kisha uangalie klabu kubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2015, Bahr, Kristian Thorborg na Jan Ekstrand waliziuliza timu 50, zile za Ligi ya Mabingwa Ulaya na za ligi kuu ya Norway, kama zilifuata programu hii. Katika misimu 150 ya klabu, waliofuata kikamilifu walikuwa asilimia 10.7. Waliofuata nusunusu, asilimia 6. Waliobaki, asilimia 83.3, hawakufuata. Na takwimu za Ekstrand za misimu 21 ya klabu za Ulaya zinaonyesha nyama za paja zilitoka asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02 hadi asilimia 24 msimu wa 2021/22.

Haraka haraka mtu atasema: basi zoezi halifanyi kazi. Huko ni kuilaumu dawa iliyobaki kabatini. Hata hivyo sikubali kuwa klabu zile ni za wajinga. Mechi ni nyingi na wachezaji wanakimbia kwa kasi zaidi. Daktari anayeleta maumivu ya Jumatano ili kuzuia jeraha ambalo huenda lisingetokea hana cha kumwonyesha kocha: jeraha lisilotokea halina jina wala picha.

Kwetu Afrika kuna ushahidi ambao wachambuzi wetu wanautaja mara chache. Nordic ni sehemu ya FIFA 11+, programu ya kupasha misuli ya takriban dakika 20. Lagos, Oluwatoyosi Owoeye na wenzake waliijaribu kwa vijana 416 wa miaka 14 hadi 19, katika timu 20 zilizogawanywa kwa kura. Matokeo yalichapishwa 2014: majeraha yote yalipungua kwa asilimia 41, ya miguuni kwa 48. Rwanda, Assuman Nuhu na wenzake waliipima kwa wachezaji wa ridhaa zaidi ya 600 na kuchapisha 2021. Huko nako majeraha yalipungua. Hizi si timu zenye vyumba vya barafu. Kwa maoni yangu timu ya ndondo yenye nahodha mkali ina nafasi nzuri ya kuliendesha zoezi hili kuliko klabu yenye mechi kila siku ya tatu.

Wapinzani wapo, na wana hoja. Bas van Hooren na Frans Bosch wameandika kwamba huenda nyuzi za msuli hazirefuki kama tunavyodhani mguu unaporushwa, bali zinakaza zikiwa na urefu uleule huku kano zikinyooka. Nordic yenyewe ni ya polepole na kiuno hakikunjwi, ilhali mbio ni kasi na kiuno kimekunjwa. Kwa upande wa hesabu, mwaka 2019 Nicol van Dyk alikusanya tafiti 15 za wanamichezo 8,459 akapata majeraha pungufu kwa asilimia 51. Miaka miwili baadaye Franco Impellizzeri na wenzake walizichambua upya kwa vigezo vikali zaidi wakasema ushahidi bado haujitoshelezi. Tafiti nyingi kati ya zile zilipima FIFA 11+ nzima, na hapo huwezi kujua ni kipande kipi kilichofanya kazi. Kwa hilo nakubaliana na Impellizzeri. Ila majaribio ya Denmark na Uholanzi hayakuwa hivyo: zoezi moja tu liliongezwa, kitu kimoja kikapimwa.

Kinachonivutia sasa ni kazi za Australia. Ryan Timmins na wenzake waliwapima wachezaji wa ligi kuu ya nchi hiyo kwa mawimbi ya sauti, wakaona kwamba wenye nyuzi fupi kuliko sentimita 10.56 katika msuli wa nje walikuwa hatarini mara nne zaidi. Nordic hurefusha nyuzi hizo. Ndipo Joel Presland, 2018, akauliza swali la mwenye bajeti finyu: lazima zote? Aliwagawa wanaume 20 wafanye wiki 6, kundi moja marudio 440 kwa jumla, jingine 128. Nyuzi zilirefuka karibu sawa, nguvu zikaongezeka karibu sawa. Presland alipima misuli, hakuhesabu waliotolewa uwanjani kwa machela. Lakini marudio 128 yanaingia katika maandalizi ya msimu ya timu yoyote, na yakishaingia, kocha anakosa kisingizio cha maumivu. Kinachobaki ni kile cha kusahau.