Mafundi wa Joto Moja

Walikale, mashariki mwa Kongo, ni msitu wa bondeni, ambako jua likichomoza baada ya mvua hewa inakuwa nzito na ya moto. Masisi, jirani yake, ni vilima. Malisho ya ng'ombe huko yanafika juu ya mita 2,000, na usiku blanketi moja halitoshi. Lakini tia kipimajoto katikati ya masega ya nyuki yenye majana, yaani watoto wao, huku au kule, kitasoma karibu sawa: nyuzi 34 au 35 za Selsiasi. Kwangu mimi, ufundi huu wa nyuki unastahili sifa kuliko hata asali yao.

Baridi ikiingia, vibarua hujikusanya juu ya majana, wakaitetemesha misuli ya kurukia huku mabawa yametulia. Kifua cha mmoja wao huweza kupita nyuzi 40. Wengine hujitia kichwa mbele katika vyumba vitupu vilivyobaki kati ya majana, wakawapasha joto majirani wa pande zote sita. Jua likizidi, kazi hugeuka: hawa huchota maji na kuyatandaza juu ya masega, wale hupepea hadi mvuke utoke mlangoni.

Nani huamuru? Hakuna. Malkia kazi yake ni kutaga. Siri iko katika arusi yake: hupandwa angani na madume wengi, mara nyingi zaidi ya 10, kwa hiyo mzinga hujaa mabinti wa mama mmoja na baba mbalimbali. Kila ukoo una kiwango chake cha kuvumilia. Huu huanza kupepea mapema, ule hungoja joto lipande zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Sydney walionyesha kwamba mizinga ya baba mmoja huyumba joto kuliko ya baba wengi. Wangefanana, wote wangepepea pamoja na kuacha pamoja, na majana yangepigwa na baridi na joto kwa zamu.

Majana yaliyopoa hutoa nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana. Makundi yaliyoacha majana yapoe yalikufa, vizazi kwa vizazi. Yaliyoshika joto ndiyo yaliyogawanyika na kuenea, bondeni hadi vilimani.

Mrina asali hodari huuheshimu ufundi huu. Hufukiza moshi kidogo, hukata masega ya asali, ya majana huyaacha, kisha huufunga mzinga mapema, kabla baridi ya Masisi haijashuka.