Wanasifu Gauni

Julai iliyopita nilikuwa Njombe, ile baridi ya kukaza vidole, wifi yangu akaletewa zawadi ya mpira wa maji moto uliochambuliwa kwenye robota la mitumba. Sebule nzima ikashangilia. Laini jamani! Manyoya kama ya mwanakondoo! Mimi, niliyetandika vitanda miaka kumi na tisa katika hoteli ya ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na kila jioni kuwawekea wageni mipira miguuni, nilimeza mate nikanyamaza. Walikuwa wanasifu gauni. Mwili hakuna aliyeuuliza habari.

Mpira huvuliwa kwanza, ndipo usifiwe. Rangi iwe nyekundu iliyoiva. Wa bluu nauvumilia, wa waridi ni wa kuchezea wanasesere. Mbavu ziwe pande zote mbili. Shingoni ziwe nyuzi za shaba, kama za zamani zilizoshika kizibo ukasikia kimeshika. Asiyekubali na aendelee kujifunika mablanketi matatu.

Lakini hayo yote hata mgeni wa kazi angeyaona. Asiloliona ni ua. Begani, karibu na shingo, mipira iliyotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza, BS 1970, ina duara dogo lenye petali 12. Namba ya katikati ni mwaka: 19 ni 2019. Petali ni miezi, na nukta zilizo ndani yake ni wiki. Petali ya mwisho yenye nukta ndiyo mwezi mpira ulipozaliwa. Ulipozaliwa, si uliponunuliwa! Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini na karatasi yake. Ukishaanza kuutumia, miaka miwili inatosha, hata kama unang'aa.

Mzee wa stoo aliyenifunda kazi hakuhitaji taa. Nukta zile zimeinuka kidogo, naye jenereta ikizimwa alizisoma kwa kidole gumba, gizani, huku akiendelea kupiga soga. Kisha aliikunja shingo kwa nyuma na kupapasa mshono. Akikuta vimistari vyembamba kama magaga yanayoanza kisiginoni, aliushika mkasi akaupasua mpira papo hapo, asije mtu akauokota na kuurudisha kitandani. Watoto wa wafanyakazi walijua siku za ukaguzi; manati zao zilitoka humo.

Siku moja muuzaji alituletea dazeni mbili, nyeusi tii, zinameremeta. Mzee akaunusa mmoja, akauliza, "Hii mipira au maandazi?" Jamaa alikuwa ameipaka mafuta ya kupikia kuficha magaga. Wajinga husifu mng'ao huo, na mafuta ndiyo yanayoula mpira.

Kujaza nako nimeona maajabu. Watu wanamimina maji yanayotokota! Kule kwetu juu, zaidi ya mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na bado tuliyaacha birikani yapoe kwanza. Theluthi mbili, basi. Ukandamize taratibu hewa itoke mpaka uyaone maji shingoni, ndipo ufunge, kisha uupindue juu ya beseni uone kama unatokwa machozi. Ukitoa tone moja, si wa kitandani tena. Sisi tuliuweka kitandani mapema na kuutoa mgeni anapopanda. Kitoto kichanga hakilazwi nao, wala mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, maana huyo ataungua asijue. Na usiukalie, hata mgongo ukuume vipi. Ukimaliza, utundike kichwa chini bila kizibo, kivulini, mbali na jiko.

Usiku ule kule Njombe, wageni walipoondoka nikauvua ule wa wifi. Katikati ya ua: 11. Nikaikunja shingo mbele yake, magaga yakafunguka kama midomo.

"Wifi, lakini si umeona ulivyo laini?"

Nikaomba mkasi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alibaki na gauni la manyoya, analivisha chupa ya chai, na mpwa wangu akapata manati.