Chenji ya Rada

Neno "chenji ya rada" limezoeleka midomoni mwetu, nami silikubali. Katika soko la Mbuyuni, Moshi, chenji hutolewa papo hapo, bei ikiwa imejulikana kwa wote wawili. Rada haikuwa hivyo. Uingereza iliidhinisha mauzo yake kwetu mwaka 2001, kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni ya BAE ilikiri mahakamani kwamba haikutunza hesabu ipasavyo, ikaahidi kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Mwaka 2011 fedha zilikuwa hazijafika. Kamati ya Bunge la Uingereza ikawahoji wakuu wake. Zilipolipwa, mwaka 2012, zilielekezwa kwenye vitabu na madawati.

Ndugu msomaji, nimeongoza chuo cha ualimu. Najua upungufu wa vitabu, nami nashukuru. Lakini mkuu wa chuo hukagua ankara kabla ya kulipa, si baada ya miaka kumi. Mahali zilipowekwa silaha ni siri ya ulinzi. Bei ya mtambo siyo. Wabunge wetu waiulize kabla ya mkataba kutiwa sahihi.