Hongera, Watunza Mabwawa wa Iceland

Theluji inadondoka, upepo wa bahari unakata masikio, na bado watu wa Reykjavík, Iceland, wameketi nje, maji moto yakiwafika shingoni. Nchi yao imekaa juu ya volkano, na joto la ardhini huyafikia mabwawa ya umma karibu kila mji.

Mafunzo ya kuogelea yalitokana na msiba. Wavuvi wengi walikufa maji wakiona nchi kavu, kwa kuwa hawakujua kuogelea. Mwaka 1940 sheria ikafanya kuogelea kuwa somo la lazima shuleni. Leo bwawa ni baraza. Katika vidimbwi vya nyuzi 38 hadi 44, mbunge na mvuvi huketi bega kwa bega wakijadili siasa na bei ya samaki. Aliyevua nguo zake amevua na cheo.

Sifa zangu kubwa nawapa wahudumu wa bafuni. Sharti lao halina msamaha: kila mtu aoge kwa sabuni, bila vazi la kuogelea, kabla ya kuingia. Wageni huona haya. Lakini ndiyo maana maji hubaki safi kwa klorini kidogo, na usafi huo ni heshima kwa atakayeingia baada yako.

Desturi hiyo haiko mbali nasi: wataalamu wengi wa Kenya wamesomea jotoardhi huko Iceland, na huko Olkaria, karibu na Naivasha, lipo bwawa la maji ya jotoardhi. Ukifika, msomaji, oga kwanza kwa sabuni.