Kibarua na Mkate wa Kila Siku: Kuwasoma Upya Makuli wa Dar es Salaam

Wanafunzi wetu wanapopelekwa katika sharika za mjini kwa mazoezi ya uchungaji, hurudi na mahubiri mengi juu ya dhambi za mji na maneno machache sana juu ya kazi za mji. Upungufu huo ndio uliotusukuma kuyasoma upya makala ya John Iliffe juu ya historia ya makuli wa Dar es Salaam, yaliyotolewa katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1970. Si makala ya theolojia, wala hayakukusudiwa kuwa hivyo. Hata hivyo, tunadiriki kusema kwamba mhubiri wa Kariakoo asiyeyajua yaliyomo humo hulisoma Neno kwa jicho moja.

Mtaa wenyewe ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wabeba mizigo ndio msingi wa Kariakoo. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na bandari ikawa mlango wa mali yote ya bara. Lakini magati ya kina kirefu yalifunguliwa mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga majini, na mizigo ikashushwa kwa matishari. Kazi ilikuja na meli, ikaondoka na meli. Mwajiri alihitaji watu wengi leo na wachache kesho, na hasara ya siku isiyo na meli ilibebwa na mfanyakazi. Lugha yetu inashuhudia jambo hili. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti cha kuthibitisha kazi ya siku. Baadaye neno likahama kutoka kwenye cheti, likamkaa mtu mwenyewe.

Sifa kubwa ya makala haya ni kwamba makuli hawaelezwi kama umati wa kuhurumiwa. Mgomo wa mwaka 1939 ulianzishwa na vibarua, watu ambao hawakuwa na hakika hata ya siku ya pili. Mgomo mwingine ulifuata mwaka 1943. Ule wa Septemba 1947 ulianzia bandarini, ukafuata njia ya reli kuelekea bara, na baada yake makuli wakawa na chama chao. Mwaka 1950 mgomo uliishia katika vurugu, na chama kikavunjwa. Mwandishi anatuonyesha kwamba kazi ileile iliyowatawanya watu ndiyo iliyowafundisha kukusanyika. Hilo ni fundisho zito kwa Kanisa, ambalo mara nyingi hudhani kuwa mjini umoja huanzia kanisani tu.

Udhaifu wa makala uko papo hapo penye nguvu yake. Kuli anaonekana vizuri anapogoma. Siku asipochaguliwa, akarudi mikono mitupu kwenye chumba cha kupanga, tunampoteza. Mkewe hatumwoni, wala mwenye nyumba anayengoja kodi. Kwa sehemu hiyo msomaji hana budi kukifungua kitabu cha J.A.K. Leslie juu ya hali ya watu wa Dar es Salaam, kilichochapishwa mwaka 1963. Leslie anaingia uani, kwenye upangaji, undugu na dini. Lakini naye alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na jicho lake ni la mtu aliyepewa mji autawale. Vitabu hivi viwili vinasahihishana; kimoja peke yake hakitoshi.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wachungaji? Kwa sababu serikali ya kikoloni ilitunga sheria za mwaka 1923 na 1944 za kuwaondoa mjini watu iliowahesabu kuwa mafukara na wasiotakiwa, na Taifa huru nalo, katika kampeni ya Nguvukazi ya mwaka 1983, likawakamata waliohesabiwa kuwa wazururaji. Maneno hayo, mhuni na mzururaji, yamepanda mimbarani bila kuhojiwa. Tumesikia mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika Mathayo 20, ukihubiriwa kana kwamba wale wa saa ya kumi na moja walikuwa wavivu. Maandiko hayasemi hivyo. Walipoulizwa, walijibu kuwa hakuna aliyewaajiri, na Bwana hakuwakemea. Aliwalipa ujira wa siku nzima, kwa maana tumbo la asiyechaguliwa lina njaa ileile.

Luther, katika Katekisimo Ndogo, anapolifafanua ombi la mkate wa kila siku, hakomei kwenye chakula; anataja pia nyumba, mavazi, jamaa na serikali njema. Basi anayeliomba ombi hilo pamoja na kibarua anaomba pia utaratibu wa haki wa kazi. Tusipolisema hilo, tunamfundisha kuomba nusu ya sala.

Alfajiri Kariakoo, wavuta mikokoteni na wachukuzi wangali wanangoja kuitwa, na siku ya kutoitwa ingali juu yao wenyewe. Tunashauri makala ya Iliffe yasomwe katika somo la theolojia ya uchungaji, pamoja na kitabu cha Leslie, kabla mwanafunzi hajapewa mimbari ya mjini. Hayatamfundisha Injili, hiyo anayo tayari. Yatamfundisha ni nani anayeketi mbele yake, na kwa nini Jumapili nyingine kiti hicho ki kitupu.